Ukaidi wa Umbo: Moduli ya Mkato na Chanzo Chake

Chukua fito nne zenye urefu sawa, uzipigilie msumari mmoja katika kila pembe hata upate fremu ya mraba. Isimamishe sakafuni, ushike ufito wa chini usisogee, kisha usukume ufito wa juu kuelekea ubavuni. Fremu haitakushinda. Itainama, mraba utageuka kuwa msambamba, na hatimaye italala kabisa. Hakuna ufito uliorefuka, hakuna uliofupika, wala hakuna uliovunjika. Kilichobadilika ni pembe tu. Sasa irudishe katika hali yake ya kwanza, uongeze ufito wa tano kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, halafu usukume tena. Safari hii fremu itakataa, maana haiwezi kuinama pasipo ule ufito wa mshazari kurefuka au kufupika, na ufito haukubali mambo hayo kwa urahisi.

Maseremala wamelijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo sababu lango la mbao lililotengenezwa vizuri halikosi ubao wa mshazari. Makala haya yanahusu jambo lilo hilo, lakini ndani ya chuma, kioo, jiwe na mpira: kwa nini kitu yabisi hukataa kubadilishwa umbo hata pale ambapo ujazo wake haubadiliki? Wanafizikia huupima ukaidi huo kwa kiasi kinachoitwa moduli ya mkato, na huiandika kwa herufi G. Darasani moduli hii hupitiwa haraka baada ya moduli ya Young, kana kwamba ni mdogo wake tu. Kwa maoni yetu heshima hiyo imepangwa kinyume. Maji nayo hukataa kushindiliwa, tena kwa nguvu nyingi; lakini hakuna maji yanayokataa kubadilishwa umbo. Moduli ya mkato ndiyo inayotenga yabisi na kimiminika.

Maana na kipimo chake

Neno mkato lisimpoteze msomaji, kwani hapa hakuna kinachokatwa. Makali mawili ya mkasi hupita sambamba yakielekea pande zinazopingana, na kitu kilichomo kati yao husukumwa juu kuelekea huku na chini kuelekea kule. Huo ndio mkato. Kitabu kinene kilicholazwa mezani huuonyesha vema: weka kiganja juu ya jalada na usukume kwa ulalo. Kila ukurasa huteleza kidogo juu ya ule ulio chini yake, na ubavu wa kitabu uliokuwa wima huinama.

Mkazo wa mkato ni kani gawanya kwa eneo la uso ambao kani hiyo inausukuma ikiwa sambamba nao. Mwinamo ni umbali uliosogea uso wa juu gawanya kwa kimo cha kitu chenyewe. Moduli ya mkato ni mkazo gawanya kwa mwinamo. Kwa kuwa mwinamo ni urefu gawanya kwa urefu, hauna kizio. Kwa hiyo G hupimwa kwa paskali, kizio kile kile cha kanieneo.

Natuchukue mfano. Bonge la mpira laini lenye uso wa sentimita 10 kwa 10 na kimo cha sentimita 5 limegundishwa mezani, nasi twausukuma uso wake wa juu kwa kani ya nyutoni 200, yaani kama uzito wa mfuko wa kilo 20. Mkazo ni paskali 20,000. Ikiwa moduli ya mpira huo ni paskali 500,000, mwinamo utakuwa 0.04, na uso wa juu utasogea milimita 2. Jicho litaona. Badala ya mpira weka feleji, ambayo moduli yake ni paskali bilioni 80, yaani jigapaskali 80. Uso wa juu utasogea sehemu moja tu ya 80,000 ya milimita, umbali wa atomi zipatazo 50 za chuma zilizopangwa mstari mmoja. Jicho halitaona kitu, lakini feleji imeinama, na mkono ukiondolewa itarudi. Mwanafunzi asiseme kwamba chuma hakibadiliki umbo kinaposukumwa. Aseme kwamba hubadilika kidogo sana.

Ili kupata picha ya jumla, shaba nyekundu ina moduli ya jigapaskali 45 hadi 48, kioo cha dirisha karibu 30, alumini 26, risasi kati ya 5 na 6. Almasi hupita 500. Mpira laini haufikii hata sehemu moja ya elfu ya jigapaskali moja. Na maji ni sifuri. Pengine msomaji atauliza habari za asali, ambayo huonekana kukataa kukorogwa. Asali haikatai umbo jipya, hukataa haraka. Ikorogwe polepole vya kutosha nayo itatii kani ndogo kabisa, na mwiko ukiondolewa haitarudi ilikokuwa. Ukinzani wa namna hiyo ni mnato, nao ni habari nyingine.

Ufito wa mshazari uko wapi ndani ya chuma?

Metali, chumvi, almasi na mawe mengi ni fuwele, yaani atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Tufikiri kwanza fuwele nyepesi kabisa: atomi zimekaa kwenye pembe za miraba, moja juu ya nyingine na moja kando ya nyingine, na kila moja imefungwa kwa jirani zake wa karibu tu, kama kwa springi ndogo zinazovuta na kusukuma kwa kufuata urefu wake. Ukiivuta fuwele hiyo, springi hurefuka na kukataa. Ukiiinamisha kidogo, je? Springi za wima hulala kidogo upande, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Ni ile fremu yetu ya fito nne. Moduli ya Young ipo, moduli ya mkato haipo!

Basi kifungo kati ya atomi na atomi, hata kikiwa na nguvu namna gani, peke yake hakitoshi kukipa kitu umbo thabiti. Lazima pawepo na mojawapo ya mambo mawili: ama ufito wa mshazari, ama pembe zilizokazwa zisigeuke. Maumbile hutumia yote mawili.

Shaba, alumini na risasi zimechagua mshazari. Atomi zake zimesongamana kama machungwa yaliyopangwa vizuri sokoni, kila moja ikigusana na nyingine 12, na popote utakapotazama utaona pembetatu. Chuma cha kawaida kimejipanga kwa namna tofauti kidogo: kila atomi ina majirani 8 wa karibu na wengine 6 walio mbali kidogo tu, nao hao pia hufanya kazi ya fito za mshazari. Mpangilio wa mraba mtupu tuliouelezea ni adimu mno. Miongoni mwa elementi zote ni poloniamu peke yake inayoufuata katika hali ya kawaida, na hata hiyo haikulegea kabisa, kwa sababu vifungo vya kweli si springi tupu.

Almasi imechagua njia ya pili. Kila atomi ya kaboni ina majirani 4 tu, kwa hiyo ndani yake mna nafasi nyingi kuliko mtu anavyodhania. Lakini elektroni zinazofanya vifungo vyake hukaa katika pande maalumu, na kuibadili pembe iliyopo kati ya kifungo na kifungo ni kazi ngumu karibu sawa na kukirefusha kifungo chenyewe. Ni kama fremu ambayo pembe zake hazikupigiliwa msumari bali zimechomelewa kwa vipande vya chuma. Kaboni hiyo hiyo ikijipanga kwa namna ya grafati, kila tabaka huwa gumu ajabu ndani yake, ilhali tabaka na tabaka zimeshikana kwa uhafifu. Kwa hiyo grafati husimama imara ikisukumwa upande mmoja na huteleza ikisukumwa upande mwingine. Kila mwanafunzi anayeandika kwa penseli anautumia mkato huo hafifu, maana tabaka za grafati huteleza na kubaki karatasini.

Bado hatujasema ugumu wa springi hizo unatoka wapi. Unatoka katika elektroni. Atomi mbili zikikaribiana mno, elektroni zao husukumana. Zikiachana, zile zinazoshirikiwa huzivuta zirudi. Kati ya hali hizo mbili pana umbali mmoja ambapo nishati ni ndogo kuliko pengine pote, kama bonde kati ya vilima viwili, na kila badiliko la umbo huwalazimu atomi kupanda kilima kidogo. Kilima kikiwa na mteremko mkali, moduli ni kubwa.

Hapa mwalimu aweza kuwafanyisha wanafunzi hesabu fupi ambayo hutoa matunda mengi kuliko inavyoahidi. Paskali ni nyutoni kwa mita ya eneo, lakini pia ni jouli kwa mita ya ujazo. Kwa maneno mengine, moduli ni nishati iliyomo katika ujazo fulani. Na jouli moja katika sentimita moja ya ujazo ni sawa na megapaskali moja. Sasa, kuitenganisha moli moja ya chuma, gramu 56, hata kila atomi iwe peke yake, kwahitaji jouli 416,000 hivi. Moli hiyo huchukua sentimita za ujazo 7.1. Tukigawanya tunapata jigapaskali 59. Moduli iliyopimwa ni 80 hivi. Kwa risasi, jouli 195,000 katika sentimita za ujazo 18.3 hutoa jigapaskali 11, ambapo kipimo ni kati ya 5 na 6. Kwa almasi, jouli 715,000 katika sentimita za ujazo 3.4 hutoa 210, ambapo kipimo ni zaidi ya 500. Hesabu haikupiga shabaha katikati, wala haikutarajiwa ipige, maana haikuuliza lolote kuhusu pembe na mishazari. Almasi imezidi makadirio kwa sababu ya pembe zake zilizokazwa. Risasi imepungukiwa kwa sababu elektroni zake hazijali sana pande. Lakini mpangilio wa madaraja ni sahihi. Sababu ya risasi kuwa teketeke imo katika kemia yake: vifungo hafifu, na atomi kubwa zinazochukua nafasi nyingi.

Mpira hufuata sheria nyingine

Tukijaribu hesabu hiyo kwa mpira tutashangaa. Vifungo kati ya atomi za kaboni katika mpira ni imara kama vilivyo katika vitu vingine vingi vya kaboni, na hata hivyo moduli yake ni ndogo mara laki moja kuliko ya feleji. Sababu ni kwamba unapouvuta au kuuinamisha mpira huvirefushi vifungo hivyo hata kidogo. Molekuli za mpira ni minyororo mirefu iliyojikunjakunja ovyo, ikitikiswa daima na joto. Ukiinamisha bonge la mpira unainyosha minyororo hiyo, na mnyororo ulionyooka una namna chache za kukaa kuliko uliojikunja. Mtikisiko wa joto huurudisha katika vurugu. Wanasayansi husema kwamba entropi imepunguzwa nayo hutaka kuongezeka.

Kwa hiyo nishati inayohusika si ile ya kuvunja vifungo, bali ni ile ya joto: katika hali ya joto la chumbani, jouli 2,500 hivi kwa kila moli ya vipande vya mnyororo. Ikiwa kipande kimoja, kutoka kiungo hadi kiungo, kina uzito wa molekuli upatao 5,000, moli yake huchukua sentimita za ujazo 5,400, na tukigawanya tunapata megapaskali 0.46. Hicho ndicho kiasi kinachopimwa katika mpira laini. Viungo hivyo kati ya mnyororo na mnyororo ni kazi ya salfa, ambayo Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 jinsi ya kuipika pamoja na mpira. Salfa ikizidishwa, vipande huwa vifupi, na mpira huwa mgumu zaidi.

Jambo hili laweza kujaribiwa kwa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Utundike, uufungie uzito utakaourefusha hadi mara mbili ya urefu wake, kisha uumwagie maji ya moto. Uzito hupanda! John Gough wa Uingereza alieleza tabia hiyo mwaka 1805, na James Joule akaipima kwa uangalifu mwaka 1859. Waya wa metali hufanya kinyume, maana joto huupanua na kuipunguza moduli yake.

Ugumu si nguvu

Hapa wengi hupotea, na kupotea huko hugharimu fedha. Moduli ya mkato hueleza kitu kinainama kiasi gani kabla hakijaharibika. Haisemi kitaharibika lini. Mhunzi akiupasha moto ubapa wa feleji yenye kaboni hata uwe mwekundu, kisha akauchovya majini ghafula, ubapa huo utapata uwezo mkubwa wa kuhimili mkazo pasipo kupinda moja kwa moja. Lakini moduli yake itabaki jigapaskali 80, pengine ikipungua kidogo. Basi fundi ambaye mhimili wa mashine yake husokotwa kupita kiasi, akanunua feleji ya bei kubwa zaidi ili ausokotoe kidogo, atakuta mhimili mpya unasokotwa sawasawa na ule wa kwanza. Dawa yake ni unene. Ukaidi wa mhimili dhidi ya msokoto hulingana na kipeo cha nne cha kipenyo chake, kwa hiyo kukiongeza kipenyo kwa moja ya tano tu huuongeza ukaidi huo hadi mara mbili na zaidi. Sheria hiyo hiyo hutawala springi za magari, kwani springi ya mzunguko inaposhindiliwa waya wake haufupiki; husokotwa.

Kwa nini mhunzi aweza kubadili nguvu asiweze kubadili moduli? Mwaka 1926 mwanafizikia Yakov Frenkel wa Urusi aliuliza ni mkazo gani utakaolazimisha safu nzima ya atomi kuruka juu ya safu iliyo chini yake. Jibu lake lilikuwa takriban moduli ya mkato gawanya kwa 6.3, yaani mara mbili ya pai. Kwa shaba hiyo ni jigapaskali 7 na nusu hivi. Lakini fuwele safi ya shaba huanza kuteleza kwa mkazo wa megapaskali moja au chini yake, yaani mara elfu kadhaa pungufu! Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kusingiziwa makosa ya vipimo.

Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walitoa jibu moja. Safu haziruki zote kwa pamoja. Atakaye kuusogeza mkeka mkubwa sakafuni hana haja ya kuuburuta mzima. Hufanya kikunjo upande mmoja, akakisukuma hadi upande wa pili, na mkeka ukawa umesogea. Ndani ya fuwele mna vikunjo vya namna hiyo, mistari ambapo safu moja ya atomi imekatika katikati, viitwavyo dislokesheni. Mwaka 1956 vilionekana vikitembea ndani ya alumini kwa hadubini ya elektroni huko Cambridge. Mhunzi anapochovya feleji majini huviwekea vikunjo hivyo vizuizi. Vifungo vya atomi havigusi, nayo moduli ni habari ya vifungo.

Mkato ndani ya Dunia

Kitu chenye moduli ya mkato chaweza kupitisha namna mbili za mawimbi: mawimbi ya msukumo, kama sauti, ambamo chembe huenda mbele na nyuma, na mawimbi ya mkingamo, ambamo chembe huenda upande na upande kama kamba inayotikiswa. Kasi ya hayo ya pili ni kipeuo cha pili cha moduli ya mkato gawanya kwa densiti. Mwamba wa matale wenye moduli ya jigapaskali 30 na densiti ya kilo 2,700 kwa mita ya ujazo huyapitisha kwa kasi ya kilomita 3.3 kwa sekunde. Maji, ambayo moduli yake ni sifuri, hayayapitishi kabisa.

Kwa njia hiyo tumepata kujua habari za mahali ambapo hakuna atakayefika. Mwaka 1906 Richard Oldham, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya jiolojia ya India, alionyesha kutokana na mawimbi ya matetemeko kwamba Dunia ina kiini. Mawimbi ya mkingamo hayapiti katika kiini hicho, na mwaka 1926 Harold Jeffreys alithibitisha kwamba ni kimiminika. Miaka 10 baadaye Inge Lehmann wa Denmark akagundua kwamba ndani yake mna kiini kingine, ambacho leo twajua kuwa ni yabisi. Chuma kilichomo humo, japo kina joto la maelfu ya nyuzi, kimeshindiliwa hata moduli yake ya mkato ikawa karibu mara mbili ya feleji ya karakana.

Moduli hii imeingia hata katika kipimo cha ukubwa wa tetemeko. Mwaka 1966 Keiiti Aki wa Japani alionyesha kwamba ukubwa huo hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu: moduli ya mkato ya mwamba, eneo la ufa ulioteleza, na umbali ulioteleza. Kwa mfano, ufa wa kilomita 10 kwa 10 katika mwamba wa jigapaskali 30, ukiteleza sentimita 30, huzaa tetemeko la kipimo cha 5.9. Kipimo hicho ndicho cha tetemeko lililoupiga mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini.

Mawimbi ya mkingamo ndiyo aghalabu huziumiza nyumba, kwa kuwa huzitikisa upande na upande. Udongo mlaini waweza kuwa na moduli ya megapaskali 50 tu, na humo mawimbi hupungua kasi hadi mita 170 hivi kwa sekunde. Yakipungua kasi, hukua kimo, kama mawimbi ya bahari yanapofika pwani. Kwa hiyo nyumba mbili zilizojengwa sawa, moja juu ya mwamba na nyingine juu ya tope la bondeni, hazitikiswi sawa. Na ukuta wa matofali unaposukumwa upande hutenda kama fremu yetu: mshazari mmoja hurefuka, wa pili hufupika. Tofali la udongo huvumilia kushindiliwa lakini halivumilii kuvutwa, kwa hiyo ukuta hupasuka kwa mshazari. Na kwa kuwa tetemeko husukuma huku na huku, nyufa mbili hukatana mfano wa herufi X. Ukanda wa zege yenye nondo unaoizunguka nyumba yote juu ya madirisha, na nguzo zake katika pembe, huzishika kuta zisiachane.

Jaribio la shule

Moduli ya mkato yaweza kupimwa shuleni kwa vifaa vichache, kwa njia iliyotokana na utafiti wa Charles Coulomb wa Ufaransa juu ya msokoto wa nyaya, aliouchapisha mwaka 1784. Msokoto wa waya ndio pia uliomwezesha Henry Cavendish kuipima densiti ya Dunia mwaka 1798.

Tafuta waya wa feleji wenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha milimita 1. Ubane sawasawa juu, na chini yake ning'iniza kisahani cha mbao cha mviringo chenye tungamo la kilo 1 na nusu kipenyo cha sentimita 10, waya ukiwa umeshika katikati yake hasa. Kizungushe kisahani kidogo, ukiachie, kisha upime muda wa mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Kila mzunguko utachukua kama sekunde 5. Ukiweka waya wa shaba wa vipimo hivyo hivyo, muda utakuwa kati ya sekunde 6 na nusu na 7. Wa alumini, karibu 9.

Kanuni ni hii: G ni sawa na 8 mara pai, mara urefu wa waya, mara inesha ya kisahani, gawanya kwa kipeo cha pili cha muda na kipeo cha nne cha nusu kipenyo cha waya. Inesha ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha nusu kipenyo cha kisahani. Kwa kisahani chetu ni 0.005. Vipimo vyote viwe katika mita, kilo na sekunde. Waya upimwe kwa maikromita, mahali pasipopungua sita na kwa pande mbili kila mahali, kwa sababu kosa la asilimia 2 katika kipenyo huleta kosa la asilimia 8 katika jibu. Wanafunzi waupashe waya mmoja wa feleji moto, wauchovye majini, waunyoshe, na kuupima tena.